Mnyama wa Shingo Ndefu wa Tendaguru: Ndugu Zake ni Nani?

Mfugaji mwenye akili aendapo mnadani kununua ndama hatazami rangi tu, kwa maana rangi hudanganya. Ng'ombe wawili weusi waweza kuwa wa koo mbalimbali kabisa, na ndama mweupe aweza kuwa mtoto wa fahali mwekundu. Mfugaji huyo hutazama nundu, pembe, miguu na kifua, kisha huuliza habari za mama yake, ndipo afungue kibindo. Kazi ya wataalamu wa wanyama wa kale hufanana na kazi hiyo, ila wao hawana ngozi ya kutazama, wala hawana mwenye mali wa kuulizwa. Wanayo mifupa tu, tena mifupa iliyogeuka kuwa mawe.

Miongoni mwa wanyama wanaosumbua watu kwa sura zao hakuna kama madinosauri wenye shingo ndefu, ambao wataalamu huwaita sauropodi. Mtu akionyeshwa picha ya mmoja wao kwa mara ya kwanza husema, "Huyu ni twiga wa zamani." Mwingine akiona miguu yake iliyo kama nguzo husema, "La, ni jamaa ya ndovu." Wote wawili wamekosea, na sababu ya kukosea kwao imo katika mifupa yenyewe.

KILIMA CHA TENDAGURU

Mifupa iliyo mashuhuri kuliko yote ya jamii hiyo haikutoka mbali. Kusini mwa Tanzania, mwendo wa kilometa 60 hivi kutoka mji wa Lindi kuelekea kaskazini-magharibi, pana kilima kiitwacho Tendaguru, katika nchi ya Wamwera. Mwaka 1906, wakati wa utawala wa Wadachi, mhandisi wa madini aitwaye Bernhard Sattler aliona hapo mfupa mkubwa mno umetokeza ardhini. Mwaka uliofuata Profesa Eberhard Fraas wa Stuttgart alifika kuutazama, na habari alizozipeleka Ulaya ziliwafanya wakubwa wa makumbusho ya Berlin kutengeneza safari ya uchimbaji iliyodumu tangu mwaka 1909 hata mwaka 1913.

Wakuu wa safari hiyo kwa miaka mitatu ya kwanza walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini majembe na sururu zilikuwa mikononi mwa Waafrika, ambao siku za kazi nyingi walikaribia 500. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, aliyejifunza kuifukua mifupa na kuitengeneza hata akawa fundi wa kutegemewa. Ikumbukwe ya kuwa vita vya Maji Maji vilikwisha mwaka 1907, na nchi ya kusini ilikuwa bado na majeraha ya vita na njaa iliyofuata. Watu wa nchi hiyo ndio waliofunga mifupa kwa mianzi na udongo isije ikavunjika, wakaitwika vichwani na mabegani, wakaenda nayo kwa miguu siku kadhaa hata bandarini Lindi. Mizigo yote pamoja ilizidi tani 200.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi iliingia mikononi mwa Waingereza, na makumbusho ya London yakapeleka wachimbaji wake Tendaguru tangu mwaka 1924 hata mwaka 1931. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alifariki Lindi mwaka 1925 kwa ugonjwa wa malaria. Msaidizi wake wa mwaka wa kwanza alikuwa kijana mzaliwa wa Kabete katika Kenya, Louis Leakey, ambaye baadaye alipata sifa duniani kwa kufukua mabaki ya watu wa kale.

UMBO LA MIFUPA

Kutokana na mifupa ya Tendaguru, makumbusho ya Berlin yalisimamisha mwaka 1937 kiunzi cha mnyama mmoja ambaye leo huitwa Giraffatitan, maana yake jitu la twiga. Mifupa iliyovunjika au kukosekana ilijazwa kwa plasta na kwa mifupa ya wanyama wengine wa namna hiyo hiyo. Mwaka 2007 kiunzi hicho kilisimamishwa upya, kwa sababu elimu ilikuwa imeendelea. Hapo kwanza mnyama huyo alikuwa amewekwa na viwiko vilivyopanuka kama vya mjusi, na mkia wake ukiburuzika. Sasa miguu ya mbele imenyooka chini ya mwili kama nguzo za nyumba, na mkia umeinuliwa. Kutoka sakafuni hata kichwani ni meta 13 na sentimeta 27, yaani zaidi ya futi 43. Mtu akisimama chini ya goti lake huonekana kama mtoto aliyesimama chini ya mwembe.

Mfupa wa juu wa mguu wa mbele, yaani ule utokao begani kwenda kiwikoni, una urefu wa meta 2 na sentimeta 13. Mfupa wa paja ni mfupi kidogo kuliko huo. Hili ni jambo la kutazamwa sana, kwa sababu sauropodi wengi huwa na miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele. Huyu wa Tendaguru ana mabega yaliyoinuka na mgongo ulioteremka kuelekea mkiani, na kwa hiyo shingo yake ilianzia mahali palipo juu tayari.

Sasa tazama shingo. Ina urefu wa zaidi ya meta 8, na ndani yake mna pingili 13. Twiga, pamoja na urefu wake wote, ana pingili 7 tu katika shingo. Mtu naye ana 7. Panya wa ghalani naye ana 7. Twiga hakuongezewa pingili, bali zile saba za kawaida zilirefushwa. Sauropodi walirefusha kila pingili na kuongeza hesabu yake pia. Dinosauri mmoja wa China, Mamenchisaurus, aliyepewa jina mwaka 1954, alikuwa na pingili 18 au 19 shingoni. Basi hapo tayari udugu na twiga umevunjika. Urefu wa shingo ni mmoja, lakini njia za kuupata ni mbili.

Msomaji akitaka kuona mfano wa karibu, asiende mbugani kutazama twiga. Na aende jikoni siku kuku anapochinjwa, ahesabu pingili za shingo yake. Atapata 13 au 14. Kisha avunje mfupa wa bawa ulio karibu na bega. Ataona ya kuwa ndani ni mtupu, hauna uboho, kwa maana mapafu ya ndege yameungana na vifuko vya hewa vinavyoingia hata ndani ya baadhi ya mifupa. Pingili za sauropodi nazo zina mashimo pembeni na vyumba vya hewa ndani, vilivyotengwa kwa kuta nyembamba. Janensch aliandika habari za vyumba hivyo mwaka 1947. Lau pingili hizo zingalikuwa mfupa mtupu, mnyama asingaliweza kuinua shingo yake. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

Kwa sababu ya hewa hiyo, hata uzito wa mnyama umekuwa jambo la kubishaniwa. Mwaka 1962 mtaalamu Edwin Colbert alikisia ya kuwa mnyama wa Berlin alikuwa na uzito wa tani 78. Mwaka 2009 Michael Taylor wa Uingereza alipima upya akapata tani 23 hivi. Tofauti hiyo imetokana na umbo la mwili ambalo kila mmoja alilichukua kuwa ndilo, na jinsi alivyohesabu hewa iliyokuwamo.

Kichwa nacho kilikuwa kidogo sana, na mfugaji ataelewa sababu yake upesi. Ng'ombe hutafuna, hucheua na kutafuna tena. Kazi hiyo yataka magego makubwa na misuli yenye nguvu mashavuni, na kichwa huwa kizito. Sauropodi hawakutafuna. Meno yao yalikuwa ya kukata au kuchana majani, kisha majani yakamezwa kama yalivyo, na kazi iliyobaki ikafanywa na tumbo kubwa. Kichwa chepesi kiliruhusu shingo kuwa ndefu, na shingo ndefu ilimwezesha mnyama kulisha mahali pengi bila kusogeza mwili wake mzito.

UKOO WAO

Jina la dinosauri lilitolewa na Mwingereza Richard Owen mwaka 1842, na jina la sauropodi na Mmarekani Othniel Marsh mwaka 1878. Mwaka 1887 Harry Seeley aliwagawa madinosauri katika milango miwili kwa kutazama mifupa ya nyonga. Katika mlango mmoja aliwaweka sauropodi pamoja na wale wala nyama waliotembea kwa miguu miwili. Wengi walistaajabu, kwa maana nani angedhani ya kuwa mla majani mzito kama nyumba ni jamaa ya mla nyama mwenye kucha kali? Lakini mifupa ilishuhudia hivyo, na wataalamu walio wengi hata leo wanaufuata mgawanyo huo. Na kwa kuwa ndege walitoka katika ukoo wa wale wala nyama, kuku wa nyumbani ni jamaa ya Giraffatitan kuliko twiga awezavyo kuwa.

Wazee wa ukoo huu hawakuwa majitu. Katika mawe ya Afrika Kusini huonekana mifupa ya Massospondylus, ambaye Owen alimpa jina mwaka 1854. Alikuwa na shingo ndefu na kichwa kidogo, lakini alitembea kwa miguu miwili, na ukubwa wake haukupita wa mnyama wa kufugwa. Yeye si babu hasa wa sauropodi, ila ni wa nyumba ya jirani, na kwa kumtazama mtu aweza kufahamu jinsi babu walivyokuwa. Shingo ndefu ilitangulia. Ukubwa wa ajabu na miguu minne iliyo kama nguzo vilifuata.

HUKUMU ZILIZOPINDULIWA

Kujua ukoo mkubwa ni jambo moja, na kujua ndugu wa tumbo moja ni jambo jingine. Mwaka 1900 Elmer Riggs wa Chicago alifukua mifupa mikubwa katika jimbo la Colorado, Marekani. Mfupa wa mguu wa mbele ulikuwa mrefu hata yeye akadhani kwanza ni mfupa wa paja ulioharibika. Alipotambua kosa lake alimpa mnyama huyo, mwaka 1903, jina la Brachiosaurus, yaani mjusi wa mkono. Janensch alipoona mnyama wa Tendaguru naye ana mikono mirefu, alimtia mwaka 1914 katika jina hilo hilo, akamwita Brachiosaurus brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, mkuu wa makumbusho ya Berlin.

Kwa miaka mingi watu wote walifuata hukumu hiyo, na sura ya Brachiosaurus katika vitabu vya dunia nzima ilikuwa kwa kweli sura ya mnyama wa Lindi. Mwaka 1988 Gregory Paul alionyesha ya kuwa wanyama hawa wawili hawafanani kama ilivyodhaniwa, naye ndiye aliyelitunga jina la Giraffatitan. Mwaka 2009 Taylor aliweka mifupa ya hawa na ya hawa katika mizani, mfupa kwa mfupa, akahesabu tofauti 26. Tangu hapo mnyama wa Tendaguru ana jina lake mwenyewe. Hata hivyo yeye na yule wa Colorado ni wa jamaa moja, kama binamu. Walipoishi, miaka milioni 150 hivi iliyopita, mabara yalikuwa bado hayajaachana kama yalivyo leo.

Hukumu nyingine iliyopinduliwa ni ya mkia. Tendaguru palitoka mkia wenye pingili nyingi zilizofuatana, kila moja ikiwa na shimo mbele na kirungu nyuma, ili kirungu cha moja kiingie katika shimo la nyingine kama mchi katika kinu. Pingili za namna hiyo ndizo alama inayojulikana sana ya ukoo mmoja wa sauropodi waliokuja baadaye, waitwao titanosauri. Kwa hiyo baadhi ya wataalamu walisema hapa pana titanosauri wa kwanza kabisa. Lakini mwaka 2019 Philip Mannion na wenzake waliutazama mkia huo upya pamoja na mamia ya alama nyingine, wakaona ya kuwa mwenyewe ni wa jamaa ya Mamenchisaurus wa China. Kirungu na shimo vilitokea mara mbili, katika nyumba mbili zisizokuwa na urithi mmoja, kama vile popo na ndege walivyopata mabawa kila mmoja kwa njia yake.

Tena iko habari ya Australodocus. Kristian Remes alimpa jina mwaka 2007 kwa pingili chache za shingo, akamweka katika jamaa ya Diplodocus, mnyama wa Marekani. Wengine waliofuata walizitazama pingili hizo wakasema la, ni wa upande wa akina Brachiosaurus na titanosauri. Si aibu kwa mtaalamu kusahihishwa. Karani aliyeandika hesabu kwa wino mweusi hukubali mkaguzi aweke alama kwa wino mwekundu, mradi vitabu viwe sawa. Na mifupa ndiyo risiti zinazohifadhiwa ili kila mkaguzi ajaye aweze kuzifungua tena.

MAJINA NA HESHIMA

Msomaji mwenye kutazama sana ataona jambo katika majina. Mnyama wa mwaka 1914 alipewa jina la mkuu wa makumbusho. Wale waliochimba na kubeba walibaki katika daftari za mishahara. Lakini Australodocus wa mwaka 2007 jina lake kamili ni Australodocus bohetii, kwa ajili ya Boheti bin Amrani. Na mwenye ule mkia, alipopata jina mwaka 2019, aliitwa Wamweracaudia keranjei, yaani mkia wa Wamwera, kwa heshima ya wenyeji wa nchi na ya Mohammadi Keranje, aliyewaongoza waliouchimba. Karne moja ni muda mrefu wa kungoja shukrani. Wala jambo la mifupa yenyewe halijakwisha, kwa maana wako watu katika Tanzania waliouliza kwa nini ikae Berlin, na wengine waliosema afadhali nchi isaidiwe kujenga makumbusho na kufundisha wataalamu wake.

Tena majina mapya hayahitaji mkalimani. Kusini-magharibi mwa Tanzania, pande za Songwe na Rukwa, wametokea titanosauri wa kweli. Mwaka 2017 mmoja aliitwa Shingopana songwensis, na kila ajuaye Kiswahili anajua maana yake. Mwaka 2019 mwingine aliitwa Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa kuwa alipatikana katika bonde la mto Mtuka, na pingili za mkia wake zikitazamwa kwa nyuma zina umbo la moyo. Mwanafunzi wa Tokyo au wa London anayetaka kumtaja mnyama huyo hana budi kujaribu Kiswahili.

Kenya nayo haikunyimwa. Katika milima ya Lapurr, magharibi ya Ziwa Turkana, imeonekana mifupa ya madinosauri, pamoja na ya titanosauri. Mchungaji apitaye huko na mbuzi zake aweza kulikanyaga jambo ambalo wataalamu wamelitafuta miaka mingi. Mtu akiona jiwe lenye umbo la mfupa asilivunje, wala asilihamishe kulipeleka nyumbani kuwa kigoda, kwa sababu mahali lilipolala ni nusu ya habari yake. Na aweke alama, awaarifu mwalimu wa shule au chifu, nao wapeleke habari kwa Makumbusho ya Taifa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inalinda vitu vya namna hiyo.

Boheti bin Amrani na wenzake walifukua kwa uangalifu, na kwa sababu hiyo watu waliozaliwa miaka mingi baada yao waliweza kuhesabu tofauti 26 na kuisahihisha hukumu ya Berlin. Lau wangalifukua kwa haraka na kuvunja, hata leo mnyama wa Lindi angaliitwa kwa jina la binamu yake wa Colorado.